Sifuri Niliyompa Modesta

Siku ya kwanza kazini nilifika chuoni Nsemulwa, mjini Mpanda, nikiwa na shahada ya isimu, viatu vya kuazima, na uhakika kwamba nimekuja kufundisha Kiswahili. Barua ya kuajiriwa ilisema "mwalimu wa lugha". Haikusema lugha ipi, nami kwa kiburi cha mtu aliyetoka chuo kikuu majuzi sikuona haja ya kuuliza. Mkuu wa Chuo wa wakati ule, mzee mfupi mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake, alinipokea mlangoni, akavitazama viatu, kisha akauliza:

"Kigiriki unakijua?"

"Hapana, Mzee."

"Vizuri. Aliyekuwepo alikijua, akatukimbia. Unaanza Jumatatu."

Ilikuwa Alhamisi. Nilikaa kitandani jioni ile na kitabu cha sarufi cha aliyetukimbia, nikihesabu herufi kama mtoto wa darasa la kwanza. Kazi hii imenishtua mara nyingi kuliko ilivyonifurahisha, na niliwahi kudhani siku ile ilikuwa kilele. Kumbe kilele kilikuwa kinanisubiri mwishoni, nikiwa nimebakiza wiki moja nistaafu. Nawaandikia nyie mnaoingia darasani sasa, maana mimi nimetoka miezi miwili iliyopita na bado sitaki kushika kalamu nyekundu.

Chuo chetu kilikuwa kidogo: madarasa matatu, bwalo, stoo, na ofisi ambayo mvua ikinyesha hamsikilizani kwa kelele za bati. Kiliandaa wainjilisti na wachungaji wa kanisa letu. Wanachuo walitoka kote mkoani, na nyumbani kwao waliongea Kibende, Kikonongo, Kipimbwe, Kisukuma. Kiswahili kwao kilikuwa lugha ya pili, Kiingereza cha shule kilikuwa ya tatu, na Kigiriki cha kale, lugha ya Agano Jipya, ya nne. Mimi niliwatangulia kwa kurasa mbili. Wiki za malaria niliwatangulia kwa ukurasa mmoja.

Sura iliyonitia jasho zaidi ilikuwa ya vimilikishi, yaani maneno kama -angu, -ako, -ake. Kiswahili kimeturahisishia: kitu kwanza, mwenyewe baadaye. Shamba langu. Ukitaka kudai, unaongeza "ni": shamba ni langu. Kigiriki hakina haraka ya kukuongezea neno. Kinakuambia uangalie nani amesimama wapi.

Kina neno dogo, *ho*, ambalo wanasarufi huliita kibainishi. Hutangulia jina na kuonyesha kwamba ni kitu kinachojulikana. *Agros* ni shamba. *Ho agros* ni lile shamba tunalolijua. Sasa chukua *emos*, yaani -angu. Ukilitia katikati, *ho emos agros*, umesema "shamba langu", na anayekusikiliza anasubiri uendelee: limefanyaje? Ukilitoa nje ukalitanguliza, *emos ho agros*, sentensi imekwisha: "shamba ni langu." Hakuna aliyetamka "ni". Mahali neno liliposimama pametosha.

Nilifundisha kwa mfano wa uzio. *Ho* ni nguzo moja, jina ni nguzo ya pili. Kimilikishi kikiwa ndani ya uzio kinaelezea; kikiwa nje kinadai. Kikitoka nje lakini kikaondoka na *ho* yake, *ho agros ho emos*, kimehama na uzio wake, nacho kinabaki kuelezea, ila kwa uzito: shamba langu, langu mimi. Halafu kuna *mou*, umbo jepesi la "-angu", ambalo hukaa nje bila kudai chochote: *ho agros mou*, shamba langu, basi. Hilo nililifananisha na ng'ombe mzoefu: hata akilala nje ya zizi, kijiji kizima kinajua ni wa nani.

Vitabu havikutosha, kwa hiyo nilifanya maneno yawe watu. Nilichukua vipande vya mbao, nikaandika neno kila kipande, nikawasimamisha wanachuo mbele wakiwa wamevishika. Mimi nasema Kiswahili, wao wanajipanga. Nakumbuka darasa moja hasa, la watu kumi na mmoja, miaka kumi na tisa iliyopita. Humo alikuwemo Modesta, binti wa mkulima wa mpunga kutoka kijiji cha Mamba, mrefu, asiyecheka ovyo, aliyeshika *emos* kama aliyezaliwa nalo. Alikuwemo pia Lameck, mtoto wa wafugaji, mpole na mwenye bidii kupita wote. Lakini kila niliposema "shamba ni langu", Lameck aliingia katikati, na niliposema "shamba langu", alitoka nje.

"Kaka Lameck," Modesta akamwambia, "umeshaingiza ng'ombe shambani tena!"

"Dada, hawa ng'ombe hawajasoma Kigiriki."

"Basi mchungaji wao asome!"

Darasa likaangua kicheko, Lameck naye akacheka. Nilimpenda kwa hilo. Nilidhani atajirekebisha.

Kabla ya darasa hilo nilikuwa nimepelekwa miaka miwili kwenye tawi letu la Inyonga, kufundisha kozi fupi za wainjilisti. Hakukuwa na mitihani kule, mazoezi tu. Mratibu wa Tawi alikuwa mfugaji nyuki, na alikerwa na nilivyochelewa kusahihisha.

"Mwalimu," aliniambia, "mimi napakua mizinga arobaini siku mbili, na inaniuma. Wewe karatasi nane wiki tatu, na hata haziumi?"

Maneno hayo yaliniingia. Nikaamua kubuni njia ya haraka, na nilikuwa na muda mwingi mno na mtu wa kunizuia hakuwepo. Nikatunga mtihani wa vimilikishi wa sentensi thelathini za Kiswahili. Kila sentensi ilikuwa katikati ya visanduku viwili: cha kushoto "ndani", cha kulia "nje". Mwanachuo anasoma, anaamua kimilikishi kikae wapi, anatia tiki. Kisha nikatengeneza kadi ya kusahihishia. Nilikata kipande cha boksi la kupakia asali, nikalaza juu yake karatasi yenye majibu sahihi, nikatoboa kwa msumari wa moto pale penye tiki. Ukiiweka kadi juu ya karatasi ya mwanachuo, tiki inayoonekana kwenye tundu imepata, isiyoonekana imekosa. Sikilizeni sasa hatua inayofuata, maana ndiyo iliyoniangamiza. Upande niliotobolea ulikuwa na picha ya nyuki na madoa. Nikaigeuza kadi kukwangua vinundu vilivyotokeza nyuma, nikauona upande ule ulivyo safi, na kwa kuwa nilitaka kazi yangu ipendeze, nikaandika neno JUU kwenye upande huo safi.

Nimelirudia tendo hilo kichwani mara nyingi kuliko sala. Kadi ikigeuzwa, kushoto kunakuwa kulia. Nilikuwa nimeandika JUU chini.

Niliporudi Nsemulwa, darasa la Modesta lilikuwa la kwanza kupimwa kwa kadi hiyo. Haukuwa mtihani wa mchezo. Kanisa lilikuwa limepata nafasi moja ya kumpeleka mwanachuo kusomea shahada, na Mkuu wa Chuo alitangaza kwamba itakwenda kwa atakayeongoza. Kulikuwa na kanuni nyingine, ya siku nyingi: anayepata sifuri kamili katika somo lolote anarudishwa kwao. Hakuna aliyewahi kuipata.

Nilisahihisha karatasi kumi na moja kabla chai ya saa nne haijachemka. Mkuu wa Chuo alishangaa.

"Umemaliza? Au umekata tamaa?"

"Nimemaliza, Mzee. Ni kadi."

"Na huyu wa sifuri?"

Niliitazama karatasi ya Modesta. Nilishtuka kidogo, nakiri, lakini mshtuko wangu ulikwenda upande usiofaa. Nilijiambia kwamba mimi binadamu ninaweza kupendelea, boksi haliwezi. "Kadi ndiyo imesema," nikajibu. Waliobaki walikuwa katikati, kumi na tatu, kumi na saba, kumi na nne. Lameck alikuwa na thelathini kwa thelathini. Nikafurahi kwamba hatimaye amejirekebisha.

Matokeo kwetu hayakubandikwa ukutani. Yalisomwa. Wote walikusanyika bwaloni, Mkuu wa Chuo akasoma kuanzia wa mwisho kwenda wa kwanza, na kila aliyetajwa alisimama akabaki amesimama hadi jina la mwisho. Kwa hiyo wa mwisho alisimama muda mrefu kuliko wote. Modesta alisimama peke yake, kisha akasimama na mwingine, na mwingine, uso wake umekauka kama udongo wa kiangazi. Baada ya hapo karatasi zilifungwa kamba pamoja na kadi, zikaingia kwenye sanduku la bati stoo. Mwanachuo hakuziona tena. Mkuu wa Chuo alikuwa na msemo: "Karatasi ukimrudishia mwanachuo, atarudi nayo pamoja na shangazi zake."

Modesta alinifuata nje ya bwalo.

"Mwalimu, naomba niione karatasi yangu."

"Kanuni hairuhusu."

"Niione tu. Hata usinipe."

Hapo ndipo niliposema neno ambalo ningelipa kwa meno yangu yote kulirudisha. "Modesta, darasani unaongea, kwenye karatasi hakuna kitu. Inaonekana ulikuwa unaitikia wenzako."

Aliondoka kesho yake. Mwaka uliofuata Mratibu wa Masomo mpya aliutaka mtihani uwe wa kutafsiri na kujieleza, kadi haikutumika tena, nami nikaisahau.

Kazi iliendelea kama kazi zinavyoendelea. Mkuu wa Chuo yule alistaafu. Akaja mwingine aliyependa vikao, kisha mwingine aliyependa bustani. Lameck akarudi na shahada, akafundisha historia ya kanisa, akapanda, na miaka sita iliyopita akawa Mkuu wa Chuo. Mwanafunzi wangu akawa bosi wangu, na alinitendea vizuri ajabu. Vipindi vyangu vilipangwa asubuhi, jua halijapamba moto. Ofisi yangu ndiyo haikuvuja. Kila Krismasi jogoo alifika mlangoni. Mimi, msomi, nikaeleza watu kwamba hayo ndiyo matunda ya ualimu bora.

Wiki ya mwisho nikaanza kukabidhi ofisi kwa Mwalimu Neema, binti aliyetoka masomoni Dar es Salaam, ambaye Kigiriki chake kinanipita mimi wa mwaka wa ishirini kazini. Tukafika stoo, tukafungua sanduku la bati. Akaivuta ile kadi.

"Mwalimu, hii nayo ni nini?"

Hakuna kinachomfurahisha mtu anayestaafu kama kuulizwa swali hilo. Nikamweleza uvumbuzi wangu kwa urefu. Akachukua karatasi ya juu kwenye kifurushi, akaweka kadi juu yake. Aliiweka kama mtu yeyote mwenye akili angeiweka: picha ya nyuki ikiwa juu. Akahesabu kwa kidole.

"Thelathini kwa thelathini. Huyu alikuwa kichwa!"

Nikaangalia jina. Nikacheka. "Umegeuza, binti yangu. Huyu alipata sifuri. Angalia upande wa pili, kumeandikwa JUU."

Akageuza. Hakuna tiki hata moja kwenye matundu. Kisha akaweka kadi pembeni, akasoma sauti ya chini, kwa adabu iliyoniogopesha.

"Sentensi ya kwanza: shamba ni langu. Ametia tiki nje. Si ndivyo?"

"Ndivyo."

"Ya pili: ndugu yangu amekuja. Ametia ndani."

"Ndivyo."

"Ya tatu: nyumba ni yako. Nje."

Niliichukua karatasi mkononi mwake nikasoma mwenyewe, ya nne, ya tisa, ya ishirini. Neema aliniwekea debe nikakaa.

Nyie mtakaofundisha, shikeni hesabu hii ambayo mimi na shahada yangu hatukuiona kwa miaka kumi na tisa. Penye majibu mawili tu, asiyejua hubahatisha, na anayebahatisha hupata karibu nusu. Kupata sifuri kwa thelathini si kazi ya mjinga. Ni lazima ujue kila kitu, halafu mtu mwingine awe amekosea. Na Lameck wangu hakuwa amejirekebisha hata chembe. Alikuwa ameelewa kinyume, kwa uaminifu kamili, mara thelathini.

Nilikwenda ofisini kwake bila kupiga hodi. Nikaweka mezani karatasi mbili na kadi, nikaeleza. Nilitegemea atashangaa. Aliinamisha kichwa, akavua miwani.

"Mwalimu, nilijua."

"Ulijua nini?"

"Wiki ya kwanza kule kwenye shahada nilisimamishwa ubaoni. Nikaweka vimilikishi vyote kinyume, darasa zima likacheka. Nikasema, kama sijui hivi, ile thelathini ilitoka wapi?" Akaisogeza kadi pembeni. "Nikajua umenipendelea."

"Mimi? Nikupendelee kwa lipi?"

"Sikujua kwa lipi! Nilidhani uliona kwetu ni watu wa porini, ukataka kuniinua. Ningekuuliza vipi? Unamwuliza mwalimu wako kwa nini ulidanganya kwa ajili yangu? Nikaona nikuheshimu tu, ninyamaze."

Nikaelewa vipindi vya asubuhi. Nikaelewa ofisi isiyovuja. Majogoo yote yale yalikuwa shukrani kwa dhambi ambayo sikuifanya, wakati niliyoifanya ilikuwa Mamba ikipanda mpunga.

"Nenda kwa Modesta," Lameck akasema. "Atakalosema ndilo litakalofanyika. Hata kama ni kiti hiki."

Nilifika Mamba kesho yake mchana, basi na kisha bodaboda, vumbi mpaka kwenye meno. Ilikuwa wakati wa kupura. Modesta alikuwa kwenye turubai anapepeta mpunga pamoja na bintiye, Editha, wa miaka kumi na saba, mrefu kama mama yake. Alinitambua kabla sijavua kofia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Modesta."

"Umefuata mchele? Bado haujakobolewa."

Nilimwambia nikiwa nimesimama, maana sikuona haki ya kukaa. Nilieleza kadi, nyuki, neno JUU. Alifuta mikono kwenye kanga, akaipokea karatasi yake, na hakulia. Alipitisha kidole mstari kwa mstari huku midomo ikisogea. Alikuwa anasahihisha. Baada ya miaka kumi na tisa bado alijua kila neno linasimama wapi. Alipofika mwisho akasema:

"Niliomba niione hii."

"Uliomba."

"Ukasemaje?"

"Nikasema kanuni hairuhusu."

"Ukasema na lingine."

Nilitazama chini. "Nikasema ulikuwa unaitikia wenzako."

Editha akageuka kunitazama. Heri angenipiga.

"Baba alinipokea stendi," Modesta akasema. "Hakunigombeza. Alisema tu, mwanangu, basi sisi tulime. Amekufa akijua nilipata sifuri."

Ndipo Editha akafungua mdomo.

"Babu, mwambie Mama kuhusu shule."

"Nyamaza wewe."

"Sinyamazi, Mama! Fomu ipo ndani, kuripoti mwisho Jumanne!"

Ikatoka yote. Editha alikuwa amefaulu kidato cha nne, amepangiwa kidato cha tano shule ya mbali, mchepuo wa sayansi. Mama yake alikataa kujaza fomu. Kila aliyeuliza alimjibu kwamba ukoo wao hauna kichwa cha karatasi, kwamba huko juu wanakubali kukupokea ili wakurudishe mbele ya watu, na yeye hatamtoa mwanawe akasimamishwe kama alivyosimamishwa. Nilikuwa nimedhani nimeharibu maisha ya mtu mmoja, zamani. Nilikuwa bado naharibu, wiki ile ile, maisha ya mtu ambaye sikuwa nimewahi kumwona.

"Modesta," nikasema, "sasa umeona. Mjazie mtoto fomu."

"Nimeona mimi. Nani mwingine ameona?" Akaikunja karatasi. "Sikupewa sifuri kwenye turubai, Mwalimu. Nilisomewa bwaloni, nimesimama, watu wananitazama. Nataka nisomewe bwaloni. Na huyu awepo asikie kwa masikio yake. Asome Mkuu wa Chuo."

"Mkuu wa Chuo ni Lameck."

"Kwani sijui? Asome Lameck."

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya kuniaga. Kwaya ilikuwa imefanya mazoezi, pilau limewekwa jikoni, na kulikuwa na saa ya ukutani imefungwa karatasi ya maua kwa ajili yangu. Lameck alifuta ratiba yote. Kati ya wale kumi na mmoja, mmoja alishafariki, sita walipatikana wakaja, wengine wakiwa wachungaji wenye vitambi. Modesta aliketi mbele kwa gauni la bluu, Editha pembeni yake.

Mimi ndiye niliyetangulia. Niliieleza kadi mbele ya wanachuo, walimu na wageni, nikaigeuza huku na huku waione. Wachache walicheka, kisha hawakucheka. Nikakaa.

Lameck akasimama na orodha mpya niliyoiandika kwa mkono. Akasema kwamba kwa desturi ya chuo anaanza na wa mwisho. Akataja jina lake, lake na la baba yake, kwa ukamilifu, kisha: "Sifuri kwa thelathini."

Wanachuo walidhani ni utani. Kicheko kikaanza nyuma, kikafia njiani. Bwalo zima likamtazama Mkuu wao aliyesimama. Akaendelea. Kumi na tatu. Kumi na nne. Kila aliyetajwa, kama yupo, aliinuka. La marehemu liliposomwa mke wake aliinuka badala yake. Lameck aliyesoma ndiye aliyesimama muda mrefu kuliko wote, na hakuegemea meza.

"Wa kwanza," akasema, akamtafuta Modesta kwa macho, akarudia. "Wa kwanza. Modesta, wa Mamba. Thelathini kwa thelathini."

Akasimama. Vigelegele vikapasuka, kwaya ikaanza wimbo bila kuamrishwa, mtu akamwaga soda. Modesta hakupunga mkono wala kutabasamu. Alibaki wima akimtazama Lameck, naye Lameck akimtazama, mpaka yule mwanamume akashusha macho. Kisha Modesta akainama kwa Editha. Nilikuwa karibu, nikasikia.

"Basi la Jumatatu linaondoka saa ngapi?"

Lameck ameandika barua kwa halmashauri ya kanisa kuuweka wadhifa wake mikononi mwao. Hawajajibu, nadhani nao bado wameshika vichwa. Mimi nimestaafu kwa hiari kabla ya miaka sitini, na watu wananiuliza kama napumzika. Sipumziki. Kilichonishtua si kwamba kadi ilikosea. Boksi ni boksi. Kinachoniamsha ni kwamba nilimfahamu Modesta mwaka mzima, nilimwona akisimama pahali sahihi kila siku, na asubuhi moja nikaamini kipande cha boksi kuliko macho yangu, kwa kuwa kilinipunguzia kazi. Ukifundisha, warudishie watu karatasi zao. Waje na shangazi zao. Shangazi mmoja angeniokoa.

Jumatatu nilikwenda stendi ya Mpanda kumsindikiza Editha. Mama yake alikuwa anakwenda naye hadi shuleni. Nilimwomba Modesta msamaha, mara ya nne au ya tano, sikumbuki.

"Mwalimu," akanijibu, akihesabu mizigo kwa macho, "hilo nitalifikiria tukishamaliza kupura. Sasa hivi shika hili begi la mtoto."

Lilikuwa zito, limejaa madaftari. Nikalishika, wala sikulitua mpaka dereva alipowasha gari.